Nilikuwa namwogopea Kulwa

Mama yangu yuko Tanga, Chumbageni. Macho yamemgomea kusoma meseji siku hizi kwa hiyo kwenye grupu la familia anatuma voisi tu, na voisi zake ni fupi kama hukumu. Mwaka jana mwezi wa nne nikatuma picha ya wanangu wawili wamesimama paking ya uwanjani, kila mmoja kashika fimbo yake ya lakrosi, mmoja mechi yake imeisha na mwenzie ya kwake ndo inataka kuanza. Ikaja voisi ya sekunde 11. "Wewe, hawa si mapacha hawa? Mbona wa kiume umemvika kama anakwenda vitani, na huyu mjukuu wangu wa kike umemwacha na kisketi?"

Nilicheka peke yangu pale kwenye mabenchi mpaka mzungu wa pembeni akanigeukia. Nikamjibu mama ndo mchezo wenyewe ulivyo, wa kike hawagongani. Akanyamaza. Mama yangu akinyamaza ujue hajakubali.

Watoto wenyewe nitawaita Kulwa na Doto, mapacha kweli ni mapacha ila majina yao nayaficha, maana wakikuta nimewaandika humu sitakaa kwa amani. Kulwa ndo wa kiume, alitangulia dakika 9 na hajawahi kuacha kutukumbusha. Wana miaka 15, tunaishi pembeni ya Baltimore, Maryland, na huku lakrosi ni kama Simba na Yanga, yaani kuna familia mtoto anajua kushika fimbo kabla hajajua kushika kijiko.

Kwa ambao hamuijui, chukulia kile kigoe cha kuchumia maembe, kile chenye kikapu cha kamba kwa mwisho, ukate mpini uwe mfupi, afu kuna mpira wa raba tupu, haujajazwa upepo, saizi ya chungwa dogo na uzito wa gramu kama 145 hivi. Unaudaka kwa kikapu, unakimbia nao, unaurusha, unaupeleka golini. Wanaume waliobobea wanapiga mashuti yanayopita kilomita 160 kwa saa, yaani gari ikikimbia hivyo Chalinze pale unajua trafiki anakusubiri wapi. Wavulana wako 10 kila upande, wasichana wa shule 12. Wenye mchezo wao asilia ni wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, Wahaudenosaunee, wameucheza mamia ya miaka kabla Mfaransa hajafika kuupa jina, na kwao ni mchezo wa dawa, mtu akiumwa unaweza kuchezwa kwa ajili yake ili apone. Hilo nimelikumbuka mara mbili nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki emajensi, nikasema haya, dawa yenyewe ndo hii.

Sisi tuliingilia mlango wa Uganda. Mwaka 2022 kombe la dunia la wanawake lilichezwa hapo Towson, siyo mbali na kwetu, na Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya wanawake kutoka Afrika kufika hatua hiyo. Wanaume wao walishatangulia Denver 2014, na wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 19 walikwenda Peterborough kule Canada 2019. Mimi yote hayo sikuwa nayajua, kazini kuna dada Mganda ndo akaniambia twende tukashangilie majirani, nikabeba watoto na chupa ya chai. Doto alikaa pale anatazama mabinti wanaofanana na shangazi zake wanakimbia na fimbo, hata maji hakunywa. Usiku huohuo akaomba fimbo. Kulwa naye akaomba, sio kwamba aliupenda ila hajawahi kuvumilia Doto apate kitu yeye akose.

Nikaenda kununua vifaa na hapo ndo nilipoanza kupotea njia, sema sikujua. Vifaa vya Kulwa ni helmeti lenye wavu wa chuma usoni, glovu nene kama za bondia, pedi za mabega na kifua, pedi za viwiko, kinga ya meno, na fimbo yenyewe. (Nilimwambia mdogo wangu aliyeko Dar kwamba Kulwa nimemnunulia pedi, akacheka wiki nzima, mpaka leo akipiga simu anauliza vipi Kulwa na pedi zake.) Nililipa hela ambayo nikiiweka kwenye shilingi naumwa kichwa. Vya Doto: fimbo, miwani ya waya, kinga ya meno. Basi. Nikafurahi, nikasema afadhali huyu wa kike ana unafuu.

Nguo zikanifundisha nani wa kuogopewa. Mechi za Kulwa nilikuwa nakwenda natetemeka, za Doto nilikuwa nakwenda na soga.

Na kusema kweli Kulwa alinipa sababu. Kwa wavulana kumgonga mtu kwa mwili ni halali, ilimradi ana mpira au yuko karibu nao, usimgonge kwa nyuma, usimgonge juu ya mabega wala chini ya kiuno. Na kwa fimbo unaruhusiwa kumpiga kwenye fimbo yake na kwenye glovu, kwa hiyo mikono inavimba kila wiki. Msimu wake wa pili aligongwa ubavuni na kijana mmoja mpana kama mlango, akaangukia bega. Akainuka mwenyewe, anatembea taratibu, kiwiko cha kushoto amekipakata kwa mkono wa kulia kama amebeba mtoto mchanga. Ukiona mtu amejishika hivyo usiulize, mtulinga umekwenda. Wiki 6 mkono kwenye kitambaa cha shingoni. Wabongo wa huku wana umoja jamani, walikuja na mapilau, walikuja na sambusa, mama mmoja akaja na supu ya makongoro katoka nayo Virginia huko, Kulwa kakaa kwenye kochi kama bwana harusi.

Kuna kingine ambacho kilininyima usingizi zaidi ya mtulinga. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na saa nane usiku wazee wakilala mtu unasoma vitu ambavyo ungeviacha tu. Nikasoma kuhusu mpira kumpiga mtoto kifuani. Siyo kwamba anavunjika mbavu, siyo kwamba alikuwa na ugonjwa wa moyo, mtoto mzima kabisa, mpira unamgonga juu ya moyo kwenye kale kapengo ka milisekunde chache ambapo moyo unajiandaa kwa pigo linalofuata, na moyo unavurugika hapohapo, anapiga hatua mbili tatu anaanguka. Wala haihitaji shuti la ajabu, mwendo wa kama kilomita 64 kwa saa unatosha kabisa. Vijana ndo wanaopata zaidi kwa sababu ukuta wa kifua chao bado laini. Kinachomwokoa ni kukandamizwa kifua palepale na ile mashine ya kushtua moyo, na kila dakika inayopita bila mashine uwezekano wa kupona unashuka kama asilimia 7 mpaka 10. Marekani tangu 2022 imekuwa lazima wavulana wa lakrosi wavae pedi ya kifua iliyopimwa kwa ajili ya hilo hasa, ina alama yake. Za Kulwa nilizinunua mtumba. Nikarudi nyumbani asubuhi sijavua hata viatu, nikaenda kwenye begi lake nikaanza kugeuza pedi kutafuta alama. Haikuwepo. Nikanunua nyingine siku hiyohiyo, na tangu hapo kila uwanja nikifika swali langu la kwanza ni lile boksi la mashine liko wapi, makocha wananijua, wakiniona wananyoosha kidole kabla sijafungua mdomo.

Sa unaona. Akili yangu yote ilikuwa kwa Kulwa. Moyo wa Kulwa, bega la Kulwa, shingo ya Kulwa.

Doto aliumia Jumanne, mazoezini. Mazoezini mimi sikuwa hata naenda. Mwenzake wa timu hiyohiyo alipiga shuti, fimbo ikamalizia mzunguko wake, ikamkuta Doto nyuma ya sikio. Kwa bahati mbaya kabisa, hamna mtu aliyekosea. Hamna filimbi iliyopigwa, binti akamwambia samahani, Doto akasema niko sawa, wakaendelea dakika kama 20 hivi. Haya yote niliyajua baadaye.

Nilichokiona mimi ni hiki. Alirudi, akaingia jikoni kupika chai, mi niko mezani nakula nijiandae na zamu. Akatia sukari, akakoroga, akarudisha kopo kabatini. Akakaa. Akainuka akatoa kopo akatia sukari tena, akakoroga. Nikamwambia we mtoto punguza sukari unataka kuugua kama babu yako? Hakujibu. Akaniambia mama zima ile taa ya juu inaniumiza. Nikamwambia ungekuwa unalala mapema macho yasingekuuma.

Naomba mnielewe, mi ndo kazi yangu hii. Mzee akianguka kazini akagonga kichwa, hata akisema hajaumia, natazama mboni za macho, namuuliza jina lake, leo siku gani, namminyisha vidole vyangu, narudia kila baada ya dakika 15, naandika, na nikiruka hata mara moja nesi wa zamu ananijia juu. Na mwanangu wa kumzaa nikamgombeza sukari, nikachukua funguo nikaenda kazini kuwapima watoto wa watu wenye miaka 90.

Saa sita usiku Kulwa akanipigia. "Mama, Doto katapika mara mbili na anaongea polepole." Nilitoka hivyohivyo na yunifomu.

Emajensi wakampiga siti skani, ikarudi safi. Mume wangu akashusha pumzi, akasema haya basi hamna kitu. Daktari, kijana tu, akatuelekeza kwa upole kwamba siti skani inatafuta damu na mfupa uliovunjika, mtikisiko wa ubongo hauonekani pale, ni ubongo umetikisika ndani ya fuvu ukachanganya kazi zake, picha inakuwa safi na mtoto anakuwa mgonjwa. Nikamuuliza kuhusu kulala, maana kwetu wote tumekua tunaambiwa aliyegonga kichwa asilale, na tayari simu yangu ilikuwa imejaa mashangazi wanasema msimwache alale. Akasema wameshampima, alale, usingizi ndo anauhitaji. Na msimfungie gizani wiki nzima kama zamani, apumzike siku moja au mbili, afu aanze kutembeatembea taratibu, skrini apunguze.

Ikachukua wiki 5. Wiki 5 za mtoto ambaye ukimtazama hana kitu. Hana piopi, hana kitambaa, hana nyuzi. Anaanza kusoma ukurasa anasahau alikoanzia, analia kwa sababu Kulwa katafuna chipsi kwa sauti, shule anakwenda nusu siku. Kurudi uwanjani ni kwa hatua 6, kila hatua angalau masaa 24, dalili zikirudi unarudi nyuma, na hapa Maryland tangu 2011 ni sheria, mtoto anayeshukiwa anatolewa na harudi mpaka karatasi ya daktari. Sheria nzuri sana, ila inaanza na neno "anayeshukiwa". Nani alimshuku Doto? Hata mimi sikumshuku.

Na hakuna aliyeleta pilau. Siwalaumu, nawaambia tu jinsi ilivyokuwa. Mama mmoja kanisani aliniuliza mbona Doto siku hizi kawa na dharau, hasalimii watu vizuri.

Sasa zamu za usiku zikapata kazi mpya, nikaanza kusoma ya wasichana. Takwimu za vyuo vya Marekani za kuanzia 1988 mpaka 2004 zinasema kwenye mechi wanaume waliumia kama mara 12.6 kwa kila mara 1,000 mchezaji anapoingia uwanjani, wanawake kama 7.2. Hiyo niliitegemea. Ila shuka mstari wa chini uone mazoezini: wanaume 3.2, wanawake 3.3. Niliisoma mara tatu nikidhani nimeruka namba. Mazoezini hamna tofauti kabisa! Na mazoezi ni siku ngapi kwa wiki, na mechi ni ngapi? Mi miaka yote nilikuwa nakaa mechini natetemeka, Jumanne nipo nyumbani nakunja nguo.

Kinachoongoza kwa wote wawili ni enka, kuteguka enka, hapo mvulana na msichana ni ndugu. Kwangu kwenye friza kuna mfuko wa njegere ambao una miaka mitatu, haujawahi kupikwa, umeshaganda na kuyeyuka na kuganda mpaka njegere zimekuwa bonge moja, umeandikwa kwa maka peni USIPIKE, huo ndo wa enka za nyumba hii.

Ila kichwani wanaachana. Wanaume mitikisiko yao mingi inatokana na mwili kwa mwili, wamegongana. Wanawake mingi inatokana na fimbo au mpira. Yaani sheria imekataza kugongana, sawa, ikaondoa kile ambacho ingeondoa, ikabakiza fimbo na mpira, ambavyo ndo hivyohivyo vya wavulana, mpira ni uleule wa raba, haujui anayepigwa kavaa sketi. Helmeti la Kulwa linaonyesha mahali sheria imeruhusu apigwe, na mi nikalisoma kama ramani ya mahali pa kuumia. Doto hakuvikwa kitu kwa sababu hakutakiwa kupigwa. Sasa fimbo ikizunguka itasoma kitabu cha sheria?

Ilikuwaje mchezo mmoja ukawa miwili? Wa wanaume uliandikiwa sheria Montreal mwaka 1867 na George Beers, na huyu bwana alikuwa daktari wa meno, nacheka kila nikilifikiria hilo, daktari wa meno kakaa kuwaandikia watu sheria za kupigana na fimbo, biashara itakosa wateja? Wa wanawake ulianzia Uskoti, shule ya wasichana ya St Leonards kule St Andrews, mwaka 1890. Louisa Lumsden, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, aliuona Canada akaupenda, ukafika kwa wanafunzi wa pale, ukachezwa bila kugongana na bila mavazi mazito, na ukaja Baltimore 1926 ukiwa na tabia hizohizo. Wanaume wakaendelea kuongeza ngao, na kila ngao ikiongezeka mtu anapata ujasiri wa kugonga zaidi, wanawake wakaendelea kuheshimu nafasi. Ukitazama vizuri mechi ya wasichana utaona kuna ustadi wa kupita katikati ya watu ambao kwa wavulana mara nyingi unamalizwa na bega.

Hii hoja siyo yangu, ni ya Doto. Nilipomwambia nataka avae kofia, zipo za wasichana, laini kidogo siyo kama helmeti, zina kipimo chake tangu 2015, alinikatalia kata kata. Nilidhani ni mambo ya nywele, maana siku hiyo alikuwa katoka kusuka. Akaniambia, "Mama ukitupa kofia, refa ataanza kuacha kupiga filimbi. Wataona tumevaa. Leo mtu akipitisha fimbo karibu na kichwa changu ni faulo, kesho watasema si ana kofia. Utatufanya tuwe kina Kulwa." Kulwa kutoka chumbani akapiga kelele, kuna ubaya gani kuwa kina Kulwa.

Jamani mtoto wa miaka 15. Na siyo yeye peke yake, hiyo ndo hoja ya watu wazima wenye mchezo wao miaka mingi, kwamba ngao inaleta ukali. Hata miwani ilipotaka kulazimishwa huku Marekani miaka ya 2000 wapo waliosema hivyohivyo. Ikalazimishwa, na majeraha ya macho kwa wasichana wa shule yakashuka sana, leo hakuna binti anayekumbuka kwamba ilibishaniwa. Kwenye kofia, jimbo la Florida ndo lililochukua uamuzi, tangu 2018 wasichana wa sekondari wanavaa lazima, kofia yenye kile kipimo. Wakaja kulinganishwa na wa majimbo yasiyolazimisha, na hao wasiovaa walipata mtikisiko wa ubongo kwa kiwango cha zaidi ya mara moja na nusu ya wenzao. Nilimsomea Doto. Alisikiliza mpaka mwisho, sio kawaida yake, akasema "sawa, ila hiyo ni timu nzima imevaa, wewe unataka nivae peke yangu."

Hapo alinishika. Sikuwa na jibu, na bado nadhani hoja yake ya refa ina uzito, filimbi ndo kofia ya kwanza. Lakini hoja yenye uzito na fuvu la mwanangu nikiviweka kwenye mizani mi najua upande wangu. Nilinunua. Nikaiweka juu ya begi lake nikaondoka.

Kingine kilichoniumbua ni magoti. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumwogopea Doto magoti, maana kila mahali unasikia wasichana wanachanika ile kano ya ndani ya goti, ACL, kuliko wavulana, na kwenye mpira wa miguu na kikapu ni kweli, mara mbili tatu ya wavulana. Lakini kwenye lakrosi ya vyuo, data ya miaka 15, wanaume 0.17 na wanawake 0.18 kwa kila mara 1,000. Wamelingana! Wasichana wa lakrosi wanachanika kidogo kuliko wasichana wa mpira wa miguu, na wavulana wa lakrosi wanachanika zaidi kuliko wavulana wa mpira wa miguu. Hisia yangu ni kwamba kule kugongana kunawapandisha wavulana, na kukatazwa kugongana kunawashusha wasichana, wakakutana katikati. Maana yake sheria inaweza kukupunguzia hata lile ambalo umeambiwa limo mwilini mwako. Kwa hiyo nikaanza kuwafanyisha wote wawili mazoezi ya goti sebuleni, kuruka na kutua magoti yasiingie ndani, kusimama mguu mmoja, dakika 15, Kulwa ananung'unika kwamba hayo ni ya kina Doto. Namuonyesha 0.17. Ananung'unika lakini anaruka, na wa chini ghorofa ya kwanza ameshagonga bomba mara mbili kulalamika.

2028 Los Angeles lakrosi inarudi Olimpiki kama mchezo wa medali, mara ya mwisho ilikuwa 1908 London. Wanaume na wanawake watacheza 6 kwa 6, uwanja mfupi, mbio tupu. Doto ameshaanza kuniambia nianze kuweka hela ya tiketi.

Mechi yake ya kwanza baada ya karatasi ya daktari ilikuwa Alhamisi, jioni ya baridi, mi nimebadilishana zamu. Walitoka kwenye basi mmoja mmoja na yeye akatoka wa mwisho, kichwa wazi, begi begani. Nikasema basi, nimeshindwa. Wakapasha misuli kichwa wazi. Wakaitwa, wakashikana mikono, akarudi kwenye benchi, akainama kwenye begi muda mrefu kama mtu anayetafuta funguo, akaitoa. Akaivaa haraka haraka bila kutazama upande wangu, mikia ya rasta ikatokea nyuma. Binti mmoja akamnyooshea kidole akacheka, mwingine, yule aliyempiga na fimbo siku ile, akaja akamfungia mkanda vizuri chini ya kidevu. Hawakuongea.

Nikapiga picha, ikatoka na ukungu kidogo maana mkono haukutulia. Kulwa alikuwa amekaa karibu yangu na helmeti lake mapajani katoka mazoezini, nikamwambia simama na wewe kule kwenye uzio nyuma yake, nikapiga nyingine, wote wawili vichwa vimefunikwa. Nikatuma Tanga. Kwao ilikuwa inakaribia saa saba usiku lakini mama halali siku hizi.

Ikaja voisi, sekunde 6.

"Haya, vichwa nimeona. Na magoti?"